Fundi Anayegusa Injini Kabla ya Kuiwasha
Fundi wa pikipiki husifiwa anapofufua injini iliyokufa, lakini kazi yake bora zaidi ni kumzuia mteja asinunue. Muuzaji wa pikipiki iliyotumika huwa ameshaiosha na kuipasha moto mapema ili iwake kwa kiki moja. Fundi mzoefu huigusa kwanza, na akiikuta ina joto, husubiri ipoe. Moshi wa bluu humwambia kwamba oili inaungua ndani, pengine ringi za pistoni zimekwisha. Huinua gurudumu la mbele na kulitikisa asikie kama beringi za usukani zimelegea, hupapasa shingo ya fremu akitafuta alama za kuchomelea (rangi mpya hapo ni ya kutiliwa shaka), kisha hulinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi. Wapo wanaosema kuizungusha mtaani kunatosha. Hakutoshi: oili nzito huweza kunyamazisha injini chakavu kwa muda wa majaribio. Wengine huhofia, na wana haki, kwamba fundi atakula cha juu kwa muuzaji. Basi atafutwe na mnunuzi, alipwe na mnunuzi, hata pikipiki isiponunuliwa. Na hela hiyo, ambayo wengi huona uchungu kuitoa, ni ndogo mbele ya gharama ya kufungua injini.