Sanamu, Namba na Cheti: Mashujaa wa Pwani Walivyoingia Kwenye Makusanyo

Sanamu ghali ya shujaa wa filamu huzaliwa kwenye kompyuta. Msanii hufinyanga mwili kwa programu kama ZBrush, printa ya pande tatu ikatoa kielelezo, kielelezo kikapigwa msasa na kutengenezewa kalibu ya silikoni. Ndani ya kalibu humiminwa polistoni, yaani risini iliyochanganywa na unga wa mawe, inayoipa sanamu uzito na ubaridi wa jiwe. Zile zinazotaka kufanana kabisa na binadamu huvishwa ngozi ya silikoni. Rangi hupakwa tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba hadi mishipa ionekane kwa mbali, na nywele huchomekwa kwa sindano, unywele mmoja mmoja. Uchomekaji huo ndio unaokula siku za fundi, na ndio unaoitenga sanamu ya namna hii na mwanasesere wa dukani.

Hata hivyo mkusanyaji hanunui mwili peke yake. Kampuni kama Sideshow ya Marekani, Prime 1 Studio ya Japani na XM Studios ya Singapore hutoa sanamu kwa matoleo yenye idadi maalumu. Sanamu hubeba namba yake kitakoni, nyingine hufuatana na cheti, na zote hufika katika sanduku lenye povu lililokatwa kulingana na umbo lake. Iliyopoteza sanduku hushuka bei hata kama haina mkwaruzo. Soko hili limejengwa juu ya kumbukumbu: nani alitengeneza, zilitoka ngapi, ilipita mikononi mwa nani. Ukipima kwa kipimo hicho ukusanyaji wa sanamu za mashujaa katika pwani ya Kenya, unakuta mambo yalikwenda kinyumenyume. Huko, kitu kiliweza kuingia sokoni pale tu kumbukumbu yake ilipokatwa.

Chukua kwanza Garsen, mji wa njia panda. Barabara itokayo Malindi kwenda Lamu hukutana hapo na ile inayopanda kuelekea Hola na Garissa, na Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini, unakaribia kutawanyika kuwa delta. Wapokomo hulima kingoni, Waorma hulisha ng'ombe katika mbuga za mafuriko. Mtoni chini kabisa, pande za Ozi na Kipini, ndiyo nchi inayohusishwa na Fumo Liongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili. Kwa sifa zake angeweza kusimama bila aibu katika safu ya mashujaa wa filamu: mrefu kupita watu, mkata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, mwili usiodhurika na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Lakini miji ya Waislamu wa pwani haikuwa na desturi ya kuchonga sura za watu, na shujaa huyo akatunzwa katika ushairi. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913. Mkusanyaji anayemtaka Liongo hana cha kubeba.

Hali ni tofauti ukielekea kusini, katika nchi ya Wagiriama na Mijikenda wengine, watu ambao kama Wapokomo husimulia kwamba asili yao ni Singwaya. Huko shujaa wa ukoo ana mwili wa mbao, nao huitwa kigango.

Kigango huchongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wanaume wenye mali na heshima. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kimo cha mtu au kumpita, uliochimbiwa ardhini. Kichwa aghalabu ni duara bapa. Vipo pia vyenye kichwa kilichochongwa pande zote kama cha mtu. Kiwiliwili hujazwa pembetatu ndogondogo zilizochimbwa kwenye mbao na kutiwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, nyingine zikipangwa katika duara mfano wa ua. Shingoni hufungwa vitambaa. Mikono haipo, miguu haipo, na fundi hajishughulishi kunakili pua ya marehemu. Kinachooneshwa ni hadhi yake. Kwa mtu aliyezoea sanamu za silikoni hili laweza kuonekana upungufu wa ufundi, nalo si upungufu hata kidogo: ubao wenye uso wa marehemu huweza kutambuliwa na mgeni yeyote, ilhali kigango hutambuliwa na wenyewe tu.

Kigango hakisimamishwi kwa sababu familia imependa pambo. Kwa kawaida marehemu humtokea ndugu yake ndotoni akilalamika, au maradhi na hasara huandamana nyumbani hadi mganga aeleze kwamba mzee anadai haki yake. Ndipo fundi huitwa, mnyama huchinjwa, tembo humwagwa. Baada ya hapo ubao ule ni mahali pa kumhudumia koma, roho ya mzee, kwa chakula na kinywaji.

Kuna sharti la kiufundi ambalo wageni wengi walilipitia juujuu, nalo ndilo lililoamua yote yaliyofuata. Kigango hakihamishwi. Mji ukihama kutafuta ardhi mpya, kigango hubaki kilipochimbiwa, na katika makazi mapya huweza kusimamishwa kibao, kigingi kidogo kisicho na madoido, ili koma apate pa kufikiwa. Kile cha zamani huachiwa jua, mvua na mchwa. Kuoza mahali pake ndiyo hatima yake halali, na haina maana kwamba kimetupwa.

Soko lilipenya hapohapo. Utalii ulipokua Malindi na Mombasa katika miaka ya 1970 na 1980, maduka ya vinyago na wauzaji sanaa kutoka ng'ambo walianza kuvitafuta vigango, na hoja yao ilikuwa kwamba vimetelekezwa porini. Hoja hiyo ilimfaa sana aliyeitoa. Anayeisoma desturi ya kutohamisha kama dalili ya kutojali huwa amejiandikia mwenyewe hati ya umiliki. Vijana wenye shida ya fedha waling'oa mbao usiku, hata zile zilizosimama katika miji yenye watu, wakaziuza kwa bei ndogo. Duka likamuuzia muuzaji wa nje, naye akavuka bahari. Kituo kikubwa kilikuwa Los Angeles, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo waigizaji na watayarishaji wa filamu wa Hollywood, mji uleule unaoutengenezea ulimwengu mashujaa wa silikoni.

Hatua ya mwisho ya safari ilikuwa jumba la makumbusho. Sheria ya kodi ya Marekani humpunguzia mzigo mtu anayetoa mali yenye thamani kwa taasisi ya umma, na kiasi hupimwa kwa bei iliyokadiriwa wakati wa kutoa, hata kama awali kitu kilinunuliwa kwa bei ya chini. Hivyo mnunuzi wa sanamu aliweza kuifurahia sebuleni kwa miaka kadhaa, kisha akaikabidhi na kupata unafuu. Jumba la Makumbusho ya Asili na Sayansi la Denver lilipokea vigango 30 kwa njia ya zawadi mwaka 1990. Wataalamu wawili wa anthropolojia, Monica Udvardy na Linda Giles, walipofuatilia, walikuta takriban vigango 300 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Katika safari hiyo yote kitu kimoja kilipungua kila kigango kilipobadilisha mikono: jina la marehemu. Muuzaji wa kwanza alikuwa na sababu nzuri ya kutolitaja, wa pili hakulijua, na msajili wa makumbusho akabaki na kabila, nchi na aina ya mali. Katika soko la polistoni sanamu isiyo na namba hutiliwa shaka. Katika soko la vigango, jina likijulikana biashara yenyewe ingekufa, maana jina lina ndugu, na ndugu wana madai.

Kilichovunja mfumo huo ni picha. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vyote viwili vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa chama cha wataalamu wa masomo ya Afrika, Giles alionesha slaidi za mkusanyo wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois, na Udvardy akakitambua kimojawapo. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mpangilio wa pembetatu, nyufa za mbao na umbo la kichwa vililinganishwa na picha, vikaoana. Picha ya kawaida ya utafiti ikafanya kazi ambayo kwenye sanamu za kisasa hufanywa na cheti, na kufikia mwaka 2007 vigango hivyo vilikuwa vimerudishwa Kenya.

Urejeshaji wa vingine umekuwa mgumu zaidi, si kwa ukaidi wa makumbusho pekee. Denver ilikubali kuviachia vyake vyote 30, lakini vilifika Nairobi mwaka 2019 tu, baada ya miaka ya mazungumzo kuhusu gharama na mapokezi, na hata hapo suala la ushuru wa forodha likazuka. Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalirudisha 37 mwaka 2023. Kisichorudi pamoja na mbao hizo ni anwani. Kigango kisichojulikana ni cha nani hakiwezi kusimamishwa katika mji wa mtu yeyote, kwa kuwa hakuna ukoo utakaokubali kumhudumia koma wa wengine. Mahali pake panabaki kuwa ghala la Makumbusho ya Taifa, ambako kinalindwa dhidi ya mchwa waliokusudiwa kukila.

Kwenye Mto Tana ipo kesi ambayo kumbukumbu yake haikupotea kabisa, na bado haijasaidia. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, haikuwa sura ya shujaa. Ilikuwa sauti ya mamlaka, iliyotunzwa na wazee wa Kijo, baraza lao, na kufichwa macho ya wasioruhusiwa. Maafisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na tangu 1908 imo katika Makumbusho ya Uingereza, London, ghalani. Hapa hakuna fumbo la muuzaji wala mwizi wa usiku: watu wake wanajulikana, mwaka unajulikana, na ukoo wa mfalme wa Wapokomo unaidai hadharani.

Kizuizi ni sheria. Sheria ya Makumbusho ya Uingereza ya mwaka 1963 inawakataza wadhamini kutoa vitu vya mkusanyo isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na kuchukuliwa kwa nguvu zama za ukoloni si mojawapo. Njia iliyobaki wazi ni mkopo, na kwa kawaida mkopo humtaka mwazimaji akiri kwanza kwamba mwenye mali ni jumba la London.