Istilahi za Utoaji Dawa Wakati wa Dharura: Uhakiki

Katika fani nyingi istilahi yenye kasoro humchosha msomaji tu. Katika utoaji dawa wakati wa dharura mambo ni mengine, kwa kuwa msaidizi hutenda mara asikiapo, wala hana nafasi ya kufungua kamusi. Makala haya yanachunguza maneno manne yanayohusu kazi hiyo, ili kuonyesha yapi yanaitimiza na yapi yanapotosha.

Neno la kwanza ni mshipa. Msemaji wa Kiswahili husema mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mishipa ya shingo imekaza, na hata kuugua mshipa, yaani ngiri. Upana huo ni hazina kwa mshairi, bali ni hatari kwa mpiga sindano. Tuchukue adrenalini. Mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali hupigwa sindano ya miligramu 0.5 katika msuli wa paja, upande wa nje. Asipopata nafuu, hurudiwa baada ya dakika 5. Kiasi hichohicho kikisukumwa kwa mkupuo ndani ya vena, ilhali moyo ungali ukipiga, chaweza kuuvuruga mwendo wake na kupandisha mno shinikizo la damu. Agizo la kupiga sindano "kwenye mshipa" halimwambii msaidizi lolote la hakika. Msuli, vena, ateri na neva yapasa yashike mahali pake. Wapo watakaolalamika kuwa vena ni neno la kukopa. Ni kweli kwamba utaratibu wetu wa kuunda istilahi huanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, ndipo lugha nyingine. Lakini sharti la kwanza la istilahi ni kutenganisha dhana, na mshipa halitenganishi.

Neno la pili ni dozi. Hili limekopwa, likazoeleka, kisha likajigawa. Daktari asemapo dozi huwa na maana ya kiasi cha mara moja. Mgonjwa aambiwapo "maliza dozi" huelewa matibabu yote. Katika dawa mseto ya malaria, artemeta pamoja na lumefantrini, mtu mzima humeza vidonge 4 kila mara, mara 6 kwa siku 3. Je, dozi ni vidonge 4 au 24? Ndugu wa mgonjwa akisema "amekwisha kunywa dozi", msaidizi ataandika nini? Kimbilio la wengi ni kipimo, lakini hilo nalo limeshikwa na maabara: "apewe kipimo" laweza kumaanisha achunguzwe damu. Inafaa dozi ibaki kuwa kiasi cha mara moja, na jumla iitwe tiba kamili.

La tatu ni kutwa. "Kutwa mara tatu" ni usemi mtamu na mfupi, lakini kutwa ni tangu macheo hadi machweo. Anayeshika maana hiyo atameza dawa mara tatu mchana, kisha mwili wake utakaa usiku kucha bila dawa. Dawa inayotakiwa kugawanywa sawasawa yafaa iandikwe "kila baada ya saa nane", wala si "saa nane" pekee, ambayo ni saa ya mchana au ya usiku.

La nne ni mwiko, na hapa lawama ni kinyume: neno tunalo, hatulitumii. Maandishi mengi husema tahadhari palipo na katazo. Tahadhari humruhusu mtu kuendelea kwa uangalifu. Mwiko humzuia kabisa. Aspirini hutafunwa na mtu mzima anayeshukiwa kuwa na shambulio la moyo, lakini ni mwiko kwa mwenye mzio nayo. Waganga wetu wa jadi wamezoea kutaja miko ya dawa. Dhana haihitaji kutafutwa ng'ambo.

Kwa hiyo kosa halimo katika kukopa wala katika kutokukopa. Tumekataa vena tulipolihitaji, tukaliacha mwiko tulipokuwa nalo. Watayarishaji wa mafunzo wangefanya vema kuyasoma maagizo yao kwa sauti mbele ya msaidizi asiye mwanalugha, kisha wamwombe aeleze atakalotenda. Pale atakapotoa maelezo mawili, istilahi hiyo irudishwe mezani kabla haijasanifiwa.