"Majira", "Saa za Eneo" na Jua la Kigoma

Istilahi inayobebeshwa maana tatu kwa pamoja haiwezi kumtumikia mtumiaji wake ipasavyo. Redioni husikika "majira ya Afrika Mashariki". Katika tafsiri za ratiba na za programu za kompyuta huandikwa "saa za eneo". Na tuyapime maneno hayo kwa mji mmoja, yaani Kigoma.

Saa ya Tanzania huitangulia ya Greenwich kwa muda wa saa tatu. Msingi wake ni longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, ambayo haipiti popote nchini mwetu. Dar es Salaam iko katika nyuzi 39.3, na Kigoma 29.6. Kwa kuwa dunia hujizungusha nyuzi 15 katika muda wa saa moja, jua huchelewa kufika Kigoma kwa dakika 39 hivi, ingawa saa za ukutani katika miji yote miwili husoma sawasawa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mjini Kalemie, Kongo, jua ni karibu lile lile la Kigoma, lakini saa ya huko iko nyuma kwa muda wa saa moja.

Basi, "saa za eneo" za Kigoma ni zipi? Mfungaji angojeaye magharibi ahitaji kujua jua la mahali alipo. Msafiri wa Kalemie ahitaji saa itumiwayo na serikali ya huko. Mwalimu wa jiografia ataka jina la sehemu yote ya dunia inayofuata saa ya namna moja. Neno "majira" nalo halitusaidii: "mabadiliko ya majira" huko Ulaya yaweza kuwa kuingia kwa baridi, au kurudishwa nyuma kwa saa.

Hata fasili iliyozoeleka, kwamba saa moja asubuhi ni mwisho wa saa ya kwanza tangu jua kuchomoza, yafaa kueleza asili ya hesabu yetu tu. Mtoto wa Kigoma huliona jua likichomoza karibu na saa moja yenyewe. Tukimfundisha fasili hiyo bila maelezo, twamtaka ayakatae macho yake.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu: "wakati wa jua" kwa mahali, "saa rasmi" kwa nchi au sehemu yake, na "ukanda wa saa" kwa sehemu ya dunia. Neno "ukanda" limekwisha kuzoeleka katika "ukanda wa pwani", nalo laafiki umbo refu la sehemu hizo. Tena, tofauti iandikwe "muda wa saa tatu", maana "saa tatu" pekee ni saa ya asubuhi au ya usiku.

Mfasiri ataweza kuandika hivi: "Meli itaondoka Kigoma saa nne asubuhi kwa saa rasmi ya Tanzania, yaani saa tatu asubuhi kwa saa rasmi ya Kalemie." Abiria wa pande zote mbili hawataachwa gatini.