Ufundi wa Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Kadi tatu za manila zilizoandikwa ma, ka na la zinatosha kuanzia. Mtoto aliyezijua anaweza kusoma mama, kaka, lala, kama na makala. Mwalimu akiongeza sa, zinakuja sasa, saka na salama. Anayechungulia dirishani ataona watoto wanachezea karatasi. Mwenye kazi anajua kuwa amefika mahali pagumu kuliko pote katika shule nzima, pale mtoto anapogundua kwamba zile alama za ubaoni ni sauti za kinywa chake mwenyewe.

Nataka kuwasifu walimu wanaomfikisha mtoto hapo, kwa sababu tunapojadili mageuzi ya elimu hawatajwi. Tunabishania sera, mitihani, lugha ya kufundishia na miaka ya elimu ya msingi. Hayo yote yana uzito wake. Lakini kila mageuzi ya elimu tuliyoyaona Tanzania yamefaulu au yamekwama mikononi mwa mtu anayefundisha darasa la kwanza.

Tuanzie Musoma. Novemba 1974, chama tawala, TANU, kiliazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, miaka mingi kabla ya lengo la awali. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa madarasa vijijini huku wakisomea ualimu kazini kwa miaka mitatu, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na waratibu wakiwapitia. Chuoni walikaa wiki chache tu za mwisho. Makumi ya maelfu waliingia kazini kwa njia hiyo. Watu wakawacheka, na UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, ikageuzwa kuwa "Ualimu Pasipo Elimu".

Kejeli hiyo siipendi hata kidogo. Maandalizi yao yalikuwa finyu, hilo halina ubishi, na wako watoto walioumia kwa sababu hiyo. Ila miongoni mwa walimu hao wamo waliokaa na madarasa ya chini hadi kustaafu, wakajifunza kazi kwa kuifanya, na leo utakuta babu, mama na mjukuu waliofundishwa kusoma na mtu mmoja. Bila watu hao Azimio la Musoma lingebaki kwenye makabrasha ya chama.

Kazi yenyewe ina undani ambao wengi wetu tumeusahau kwa kuwa tumeshajua kusoma. Mtoto wa miaka sita ana kumbukumbu kali mno. Akisikia ukurasa ukisomwa mara tatu anaukariri wote, anapitisha kidole chini ya mistari, na mgeni anaondoka akisifu kwamba mtoto anasoma. Mwalimu hodari hadanganyiki. Anaziba picha kwa kiganja, anaonyesha neno la katikati, anamwambia aanze na mstari wa chini. Darasa zima linapoimba ba, be, bi, bo, bu, yeye anatazama kinywa cha yule aliyekaa nyuma, ambaye midomo yake inachelewa nukta moja baada ya wenzake.

Kiswahili kinamsaidia. Kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, hivyo mtoto akishaielewa kanuni anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona maishani. Lakini pia kina mitego, na mwalimu anaijua yote. Kuna ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe. Kuna nywele, ambapo herufi tatu zinaisubiri irabu moja. Kuna b na d, ambazo mkono mchanga huzigeuza. Kuna r na l kwa mtoto aliyelelewa katika lugha isiyozitenganisha: kwake hiyo ni sauti moja, na kumkaripia hakumfundishi chochote. Sikio lake linahitaji kufunzwa kwanza, mkono utafuata. Mwalimu anayelifahamu hili anatumia wiki nzima kwa wali na wari, kalamu na karamu, bila haraka na bila fimbo. Huo ndio ustadi ninaousema, na hauwi wa mtu kwa kusoma kiongozi cha mwalimu peke yake.

Tena anautumia mbele ya watoto 80, 100, pengine zaidi. Ada ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka uliofuata, na tena elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, walioandikishwa waliongezeka ghafla, na wote waliingilia mlango huo huo wa darasa la kwanza. Nimeona anavyokabiliana na umati huo: vikundi vilivyopangwa kwa sauti ambayo watoto wamekwamia, vizibo vya soda vya kuhesabia, na daftari dogo ambalo hakuna mkaguzi anayelidai, lenye majina ya wasiosikia tofauti ya sh na s. Anaporudi nyumbani ana chaki mpaka kwenye nyusi.

Mwaka 2010, utafiti wa mpango wa Uwezo ulionyesha kwamba ni takriban mmoja kati ya watoto watatu wa darasa la tatu aliyeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Nchi ilishtuka. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa, ukajikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na walimu wa madarasa hayo wakapelekwa mafunzoni. Kwangu mimi huo ni uamuzi bora kuliko mingi iliyoutangulia, kwa kuwa ulianzia pale kazi inapoanzia.

Sasa tuna mageuzi mengine. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza. Elimu ya lazima itakuwa ya miaka 10, na shule ya msingi miaka 6. Umahiri unaotarajiwa ni mkubwa, na muda wa kuujenga umefupishwa kwa mwaka mzima. Hata hivyo, katika shule nyingi darasa la kwanza bado linapewa mwalimu mgeni au yule anayedhaniwa hamudu madarasa ya juu. Walimu wanaosifika wanapelekwa la saba, kwa sababu huko kuna mtihani wa taifa na shule hupimwa kwa matokeo yake. Huu ni upotevu, na tunauendeleza kila mwaka tukiwa macho.

Walimu wakuu, mnapogawa madarasa Januari ijayo, la kwanza mpeni mwalimu mnayemwamini kuliko wote, kisha mwacheni humo miaka kadhaa. Halmashauri zimpandishe daraja akiwa humo humo, asilazimike kuhamia ofisini ili aonekane amepiga hatua. Na wewe mzazi, usingoje matokeo ya kumaliza shule ya msingi ndipo uende shuleni. Nenda muhula huu, mtafute mwalimu wa darasa la kwanza, umshukuru, na umuulize mtoto wako amekwama kwenye sauti ipi.