Kitendawili Maktabani: Uhakiki wa Shughuli za Kitamaduni katika Maktaba ya Chuo Kikuu, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki shughuli za kitamaduni zinazoandaliwa katika maktaba za vyuo vikuu, kwa kurejelea mazingira ya Bujumbura, Burundi. Shughuli hizo zinachukuliwa kuwa utendaji wa kifasihi wenye matini, fanani na hadhira. Hoja inayotetewa ni kwamba fasihi simulizi ya Kirundi na ya Kiswahili, ambayo sehemu yake tayari imo vitabuni, inaweza kuipa maktaba hadhira ambayo sherehe ya mara moja kwa mwaka haiwezi kuipata.

Sherehe na utendaji

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mnamo Novemba 2021, vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimepata tanzu mpya ya utendaji. Mpangilio wake umekwisha kuzoeleka: ngoma, hotuba, shairi la kuisifu lugha, hotuba nyingine, picha ya pamoja. Nchini Burundi siku hiyo huja siku sita tu baada ya 1 Julai, tarehe ya uhuru wa mwaka 1962 na pia ya kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, hivyo ngoma huwa hazijapata muda wa kupoa.

Udhaifu wa tanzu hii ni wa kifani kabla haujawa wa kiutawala. Ndani yake Kiswahili kinasifiwa kuliko kinavyotumiwa. Shairi la kuisifu lugha lina nasaba ya heshima katika ushairi wa Kiswahili, na si vyema kulibeza. Hata hivyo, linapokuwa utungo pekee unaosikika, msikilizaji huondoka akiwa ameambiwa kwamba lugha hii ni tamu bila ya kuionja ikiomboleza, ikitania au ikigombana. Mwanafunzi wa Bujumbura, ambaye masomo yake ya chuo huyapata kwa Kifaransa, anahitaji hasa kuionja hiyo ladha.

Ngoma nayo inastahili kutazamwa upya. Katika Kirundi neno ingoma hubeba maana mbili, ngoma na ufalme, na utendaji wa ngoma ya kifalme uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, amri ya rais iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo na kuyafanya maonyesho yake yategemee kibali cha wizara. Kwa maneno mengine, utendaji unaofikiriwa kwanza kila shughuli inapopangwa ndio uliozungushiwa masharti mengi zaidi, na wanafunzi wa kike hawaruhusiwi kushika mikwiro yake. Kitendawili hakiombewi kibali, na msichana anaweza kukitega.

Kitabu kinaporudi mdomoni

Francis Rodegem alikusanya fasihi simulizi ya Kirundi katika vitabu kadhaa, kikiwamo Anthologie rundi cha mwaka 1973. Jean-Baptiste Ntahokaja, mwanaisimu wa Kirundi, alichapisha hadithi za aina ya ibitito, ambazo masimulizi yake hukatizwa na wimbo. Matini hizi zilitoka mdomoni, penye moto wa jioni, zikaingia kitabuni. Zikisomwa kimya, mambo mawili hupotea: sauti ya wimbo, ambao ukurasani huonekana kama marudio ya bure, na jibu la msikilizaji, ambalo ukurasani halionekani kabisa.

Hapo ndipo ilipo kazi halisi ya kitamaduni ya maktaba, nayo haidai gharama kubwa. Kitendawili cha Kirundi hufunguliwa kwa wito wa Sokwe, na hadhira huitika Niruze. Cha Kiswahili hufunguliwa kwa Kitendawili, na hadhira huitika Tega. Miito hii miwili inafanana kiasi cha kumwezesha fanani kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuipoteza hadhira. Tofauti yake pia ina mafunzo. Katika Kiswahili anayeshindwa huombwa mji, na mtegaji hutembea ndani ya mji aliopewa kabla ya kutoa jibu. (Mtu anayeombwa mji jijini Bujumbura ana jambo la kufikiria tangu Desemba 2018, ilipotangazwa kwamba makao makuu ya kisiasa yanahamishiwa Gitega.) Kutafsiri fumbo moja la Kirundi kwa Kiswahili mbele ya watu thelathini, wabishane kama picha yake inashikika au imevunjika, ni somo la semantiki na la tafsiri ambalo hotuba tatu hazilifikii.

Mlima wa Mutanga na mtaa wa Buyenzi

Swali gumu ni la hadhira. Kampasi ya Mutanga iko juu, upande wa milimani. Buyenzi, mtaa ambao tangu enzi ya Wabelgiji umejulikana kuwa wa Waswahili, uko chini, na barabara zake zina nambari badala ya majina. Katika Buyenzi Kiswahili ni lugha ya soko, ya gereji, ya msiba na ya arusi. Kule juu ni somo. Tamasha la Kiswahili lisilomwalika mzee wa Buyenzi kukaa kiti cha fanani linafanana na arusi iliyofanyika bila bibi harusi. Kumwalika pia kuna hatari yake: Kiswahili chake si cha sarufi ya darasani, na mwenye kipaza sauti akianza kumsahihisha upatanisho wa ngeli, kikao kitakuwa kimekwisha.

Kukusanyika chuoni Bujumbura kuna uzito wake vilevile. Juni 1995 wanafunzi waliuawa usiku katika kampasi hiyo ya Mutanga kwa sababu ya kabila lao. Mwishoni mwa Aprili 2015 chuo kilifungwa, na mamia ya wanafunzi wakapiga kambi karibu na ubalozi wa Marekani. Katika mahali penye historia hiyo, watu wasiofahamiana kukaa duara moja na kujibizana kwa mafumbo si burudani ya kupitisha wakati. Kitendawili kinamtaka kila mmoja amsikilize mwenzake hadi mwisho, na kinamruhusu mtu kushindwa bila kudhurika.

Bujumbura yenyewe imewahi kulionyesha hilo nje ya chuo. Kikao cha kifasihi cha Samandari, kilichoanza mwaka 2010 na kinachohusishwa na waandishi kama Ketty Nivyabandi na Roland Rugero, kilichukua jina la mhusika mcheshi wa masimulizi ya Kirundi. Nguvu yake ilikuwa katika kukutana mara kwa mara, watu wachache, matini mbele yao. Udhaifu wake, kwa mtazamo wa Kiswahili, ni kwamba mazungumzo yaliegemea Kifaransa. Nivyabandi aliongoza maandamano ya wanawake Mei 2015, kisha akaenda uhamishoni. Duara la aina hiyo hujengwa na watu, na hubomoka wanapoondoka. Maktaba ya chuo ina faida moja ambayo duara halina: inaweza kuhifadhi.

Basi kipimo cha mwisho cha shughuli hizi kiwe kile kinachobaki rafuni asubuhi inayofuata. Picha za wageni rasmi hazihesabiki. Rekodi ya sauti inahesabika, pamoja na nakala yake kwa maandishi, na hapo mkutubi atakutana na maswali ambayo hayakumsumbua siku ya hotuba: kama Kiswahili cha Buyenzi kiandikwe kinavyotamkwa au kisanifishwe, na kama kwenye kadi ya katalogi, penye nafasi ya mwandishi, liwekwe jina la mtegaji au la aliyenakili.