Mafungu ya Maneno katika Kiingereza cha Kitaaluma: Uhakiki wa Kigezo cha Kuhesabu

Tangu Biber na wenzake walipochapisha sarufi yao ya Kiingereza cha mazungumzo na cha maandishi mwaka 1999, mafungu ya maneno yanayojirudia, kama vile “on the other hand” na “as a result of”, yamevuta watafiti wengi. Kigezo chao ni bayana: fungu la maneno manne huhesabiwa iwapo linajitokeza angalau mara 10 katika kila maneno milioni moja, na katika matini zisizopungua tano. Ubora wa kigezo hiki ni kwamba hakitegemei hisi ya mtafiti. Kompyuta huibua yale ambayo msomaji hayaoni kwa sababu ameyazoea.

Hata hivyo, kigezo hiki kina kasoro tatu. Kwanza, huzoa vipande kama “the end of the”, ambavyo havina maana kamili. Simpson-Vlach na Ellis (2010) waliongeza kipimo cha nguvu ya mvutano baina ya maneno, pamoja na maoni ya wakufunzi wazoefu. Pili, Hyland (2008), aliyechunguza biolojia, uhandisi wa umeme, isimu tumizi na taaluma ya biashara, alionesha kuwa taaluma hizo hutofautiana sana katika mafungu zinayoyapendelea. Kwa hiyo, orodha moja haiwezi kuwafaa wanafunzi wote.

Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, kigezo kimefungwa na othografia ya Kiingereza. “As can be seen” ni maneno manne. Kiswahili husema “kama inavyoonekana”, maneno mawili, kwa kuwa upatanisho, njeo, kirejeshi na mnyambuliko vimo ndani ya kitenzi kimoja. Aidha, “kama tulivyoona”, “kama tutakavyoona” na “kama ilivyoonekana” vitahesabiwa kama vitu vitatu mbalimbali, ingawa kazi yake ni moja. Hata “kwa mujibu wa” litaachwa nje.

Anayekihamisha kigezo hiki kwenye kongoo ya Kiswahili bila kukirekebisha atahitimisha kwamba maandishi yetu yana uhaba wa mafungu, kisha atajaza pengo hilo kwa tafsiri sisisi. Mwanafunzi ataandika “kwa upande mwingine” mahali ambapo “ilhali” ingetosha. Tunapendekeza kuhesabu kuanzie kwenye mzizi na mofu, si kwenye nafasi kati ya maneno.