Atakuja na Nani?

Sisi wapenzi wa muziki wa dansi wa rika langu tuna swali moja ambalo vijana huliona la kimbeya. Zikivuma habari kwamba mwanamuziki mkongwe anatayarisha nyimbo mpya, hatuanzi kwa kuuliza nyimbo ni ngapi, wala zinasema nini. Twauliza: atakuja na nani? Nani atampigia solo? Nani ameshika besi? Na yule mpiga tumba waliyekosana, je, wamepatana? Mjukuu wangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba huko ni kuchungulia nyumba ya mtu badala ya kumsikiliza. Mimi nasema sivyo. Swali hilo ni uhakiki, tena uhakiki mgumu kuliko ule unaofanywa baada ya wimbo kusikika, na mtu ninayetaka kulipimia ni hayati Remmy Ongala.

Lakini kwanza, msomaji, yafaa ujue tulivyokuwa tukingoja. Neno albamu halikuwa na maana kubwa kwetu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi iliyotaka santuri ililazimika kuitafuta Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, mlango huo nao ukafungwa hadi mwaka 1983. Ikabaki Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio, ikarekodi nyimbo kadhaa kwa mpigo, wapigaji wote pamoja, na kanda ikabaki mali ya redio. Wapenzi wa mjini walizisikia nyimbo hizo ukumbini kabla hazijarekodiwa. Sisi wa Mtendeli, Kibondo na Kasulu tulizisikia siku zilipopigwa hewani, kama betri zilikuwa zimesalia na kama mawimbi hayakumezwa na Bujumbura, ambayo ipo karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo kungoja kwetu kulikuwa kungoja kwa masikio matupu. Hatukuwa na picha, hatukuwa na tangazo. Tulikuwa na habari za abiria walioteremka kwenye treni Kigoma, wakapanda lori hadi huku, na habari hizo karibu zote zilihusu watu: fulani kahama, fulani kachukuliwa, fulani karudi.

Na kuhama kulikuwa kwingi. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na mpaka ajali ya gari ilipomwua Mombasa Januari 1979 wapo walioshikilia kwamba gitaa lake lilikuwa lile lile lakini halikuwa tena na wa kulijibu. Muhidin Gurumo, aliyekuwamo NUTA Jazz tangu ilipoanza mwaka 1964, alikwenda kuianzisha Mlimani Park mwaka 1978. Mwaka 1985 akaondoka tena, yeye, Hassan Bitchuka na Abel Balthazar, kwenda Orchestra Safari Sound. Chumbani kwa walimu tulibishana mwezi mzima. Wengine walisema Sikinde imekwisha. Wengine walisema Sikinde haikuwa Gurumo, ilikuwa namna magitaa yake yanavyopokezana na tarumbeta, na kwamba ukimtoa mwimbaji ukabakiza hilo, nyumba ingali imesimama. Mlimani Park haikufa. Nimekuwa mkuu wa shule, najua jambo hili kwa upande wa pili. Mkuu anayehamishwa husafiri na vitabu vyake na mazoea yake, walimu wake huwaacha, na kule aendako mazoea yale yale huzaa shule nyingine kabisa.

Sasa Remmy. Alizaliwa Kindu, Kongo ya mashariki, mwaka 1947, nchi ambayo kwetu wa mkoa wa Kigoma si ya mbali. Wamanyema wa ng'ambo na wa huku ni ndugu. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kwa mjomba wake, Mzee Makassy, akapiga katika Orchestra Makassy, kisha akaingia Matimila, ambayo mikononi mwake ilikuja kuwa Super Matimila. Alijiita Sura Mbaya, watu wakamwita Daktari, na muziki wake akauita wa ubongo. Yote hayo yameandikwa na kusemwa mara nyingi. Linalosahauliwa ni kwamba sauti yake haikuwa tamu. Nalisema kwa heshima. Marijani Rajab, aliyefariki mwaka 1995, angeweza kusimama peke yake chini ya mwembe na ukamsikiliza mpaka jua lizame. Remmy hakuwa wa namna hiyo. Sauti yake ilikuwa ya mzee wa baraza: ilikwaruza, ilisema zaidi kuliko ilivyoimba, ilirudia neno kama mwalimu anayehakikisha kwamba wa nyuma wamesikia. Mtu wa sauti hiyo asipopata wa kujibizana naye huwa mhubiri tu.

Super Matimila ndiyo iliyojibizana naye. Sikiliza wimbo wake wa kifo. Maneno yanasimulia ukatili wa kifo, lakini magitaa hayalii. Yanacheza, yanasukana, la pili linaingia penye mwanya ulioachwa na la kwanza, na solo la Batii Osenga linapanda juu jepesi kana kwamba halikupata habari ya msiba. Ukiyaondoa maneno, ni ngoma ya arusi. Ukiondoa magitaa, ni mawaidha ya makaburini. Yakiwa pamoja ndipo unapoelewa alichokusudia: kwamba mnyonge hufa katikati ya wanaocheza, na yeye mwenyewe hucheza hali anajua. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi ya mtunzi. Lilipatikana mazoezini, kwa watu waliozoeana kiasi cha kujua mwenzao atavuta pumzi wapi.

Mwaka 1988 bendi ilialikwa Ulaya na WOMAD, na ndipo kwetu neno albamu lilipoanza kuwa na maana. Ilitoka kwanza Nalilia Mwana mwaka huo huo, ikafuata Songs for the Poor Man mwaka 1989, iliyotolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza. Jina hilo la pili laweza kusomwa nyimbo za mnyonge, na mnyonge aliyetajwa aliipata mwisho wa watu wote. Huku nyanda za juu ilitufikia kwa kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, yenye mvumo kama wa mvua juu ya bati. Tulikuwa tumeingoja kwa hofu. Swali letu lilikuwa lile lile: amekwenda na nani? Tuliogopa kwamba Wazungu wangemchukua yeye, wakampa wapigaji wao. Hawakufanya hivyo, na ndiyo maana albamu ile ingali hai. Ni safi kuliko chochote kilichotoka studio ya Radio Tanzania, kila gitaa unaliona limekaa mahali pake, na bado ni bendi ya watu wanaofahamiana.

Kuhusu ile ya mwaka 1992, Mambo, siwezi kusema hivyo kwa moyo mweupe. Humo baadhi ya nyimbo ni za Kiingereza. Mwalimu mwenzangu mmoja alidai kwamba kosa ni lugha, kwamba Remmy aliimba kwa watu asiowajua. Nilimpinga na bado nampinga. Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha kwa aliyotaka kusema kuhusu fedha na dunia. Shida naiona kwenye kuitikiana. Remmy wa Kiswahili alikuwa akirefusha sentensi au kuikata kwa ghafla, na wapigaji walimfuata kwa kuwa walifikiri pamoja naye. Kwa Kiingereza sentensi ilifika imekwisha kunyooshwa, sawasawa, na magitaa yakawa yanasindikiza. Kusindikiza na kujibizana ni kazi mbili. Zimo nyimbo nzuri sana katika albamu hiyo, za Kiswahili hasa, lakini ndimo nilimosikia kwa mara ya kwanza bendi ikiwa nyuma ya mtu.

Na katikati ya albamu hizo mbili ulikuwapo ule wimbo wa soksi, wa mwaka 1990, ulioonya juu ya UKIMWI na kutaja kinga kwa jina la mtaani. Redio haikuupiga. Ulizunguka kwa kanda, na ulifika huku kabla ya wataalamu wa afya. Nitapita hapo; sifa zake ni za ujasiri zaidi kuliko za muziki.

Mwaka 2017, kambi ya wakimbizi wa Burundi ilipokuwa ingali hapa Mtendeli, kabla haijafungwa mwaka 2021, alikuwapo kijana aliyefika sokoni na gitaa lenye nyuzi nne. Nilimpigia wimbo wa Remmy kwenye simu. Hakumjua Remmy, na Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, hivyo maneno mengi yalimpita. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mara tatu, kisha akaniuliza:

"Mzee, huyu wa pili ni nani?"

Nikamjibu kwamba mwimbaji ni mmoja.

"Hapana, si anayeimba. Gitaa la pili. Yule anayesubiri."

Nimefundisha miaka mingi na sikumbuki kusikia maelezo bora ya gitaa la pili la bendi ya dansi. Anayesubiri. Kijana yule hakuwa na sababu ya kumpenda nyota. Jina la nyota halikumfikia. Akasikia kilichokuwapo.

Miaka ya mwisho ya maisha yake Remmy aliokoka, akaacha dansi, akaimba Injili. Nakumbuka jinsi watu walivyogawanyika. Waumini wengi walifurahi. Wapenzi wa zamani walinung'unika, wakasema amewatupa, wengine wakaapa kwamba atarudi tu. Kila kilipotajwa kitu kipya cha Remmy, swali letu la siku zote liliulizwa, lakini safari hii kwa uchungu: atakuja na nani? Maana tulijua studio za miaka hiyo zilivyokuwa. Kinanda kimoja kilipiga ngoma, besi na zeze kwa pamoja, kwa gharama ndogo, bila mazoezi na bila ugomvi. Simlaumu mtu kwa kutengeneza alichokuwa na uwezo nacho. Wala sioni kwamba mpenzi wa muziki ana haki ya kumdai mwanamuziki imani yake ya jana. Mtu akishasema njia yake ni hii, aachwe apite.

Hata hivyo nadhani manung'uniko yale yalieleweka vibaya. Yalichukuliwa kuwa ni ya walevi wanaolilia baa. Kwa baadhi yetu yalikuwa maombolezo ya kitu kingine. Remmy mwenyewe hakuwa amepotea. Alikuwapo, anaimba, anawasema wenye nguvu na kuwakumbusha wanadamu kwamba watakufa, jambo ambalo alilifanya maisha yake yote. Kwa maneno, safari kutoka dansi hadi Injili ilikuwa fupi kuliko watu walivyodhani. Kilichopotea ni yule anayesubiri. Kinanda hakisubiri. Kinakubaliana na kila neno papo hapo, na sauti ile iliyokwaruza, iliyozoea kupingwa na magitaa yaliyokataa kuhuzunika, haina wa kubishana naye.

Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Sinza, Dar es Salaam, kituo cha daladala bado kinaitwa kwa Remmy, na kondakta anayekitangaza yawezekana hakuwa amezaliwa wimbo wa soksi ulipotoka. Wenzake wa Super Matimila hawana kituo. Hali hiyo ni ya dansi nzima, wala si ya wapigaji peke yao. Gurumo, aliyefariki Aprili 2014, aliacha kuimba mwaka 2013 baada ya nusu karne jukwaani, na hali aliyostaafia nayo iliwasikitisha hata vijana wa muziki mpya. Ikiwa aliyeshika kipaza sauti aliondoka hivyo, mpiga besi aliondoka na nini?

Siku hizi wajukuu hunipakulia nyimbo hizi kwenye simu. Zinasikika vizuri, bila mvua ya bati. Kwenye kioo linatokea jina moja tu, la Remmy, na picha yake. Ile kanda yangu ya kunakiliwa ilikuwa na karatasi ndani, fotokopi ya jalada, yenye orodha ya wapigaji kwa herufi ndogo. Mchwa waliianza pembeni. Kabla hawajaimaliza nilikaa nayo mchana mmoja pamoja na miwani na kalamu ya risasi, nikayahamishia majina yaliyosomeka kwenye daftari la hesabu, kila jina na chombo chake. Yalisomeka manne.